Kilo Kumi na Nane

Mizani ya lango la Chorlim haijui utani.
Kilo kumi na nane, akasema askari, akaandika:
hema la Daktari, unga, sukari, vitunguu,
mtungi wa gesi, nyundo tatu za kupasulia miamba.
Jina langu akalikosea. Sikumsahihisha.
Mlima utanijua kwa miguu.

Siku ya kwanza ni msitu, na msitu ni siafu.
Mbega wanatuchungulia kama wakwe,
weusi kwa weupe, kimya, wakihesabu mapungufu.
Kwemoi ametangulia na panga. Yeye hasemi "mbali",
husema "hapo tu", na "hapo tu" yake
imeniua mara mbili kabla ya adhuhuri.

Siku ya pili mianzi, na matope yanayovua watu viatu.
Mvua ikatukuta uwazini, ikatupiga usoni bila salamu.
Kamba ya mzigo ikanichora begani mistari
ambayo Chesang, mwanangu, ataifuata kwa kidole Jumapili
akiuliza: hii ni njia ya kwenda wapi?

Pumzi huko juu ni kama chumvi mwisho wa mwezi:
unachota kidogo, unafunika.

Siku ya tatu Daktari Akelo,
mzaliwa wa Alego, mwalimu wa mawe,
mwenye buti za elfu ishirini na goti bovu,
akainama juu ya mwamba, akavua glavu.
"Mama Chesang, njoo ushike hapa."
Nikashika. Mikwaruzo mirefu, sambamba,
kama sakafu iliyopitishiwa kabati zito.
"Barafu," akasema. "Ilijaa bonde hili lote,
nene kuliko mnara wa kanisa lenu,
ikiteremka polepole, ikiburuta mawe kwa tumbo.
Ikaondoka."

Barafu niijuayo mimi huuzwa stendi ya Kitale,
nyekundu, kwenye nailoni, shilingi tano;
hupaka watoto ulimi rangi, ikaisha.
Nikatazama bonde. Malobelia yamesimama wima
kama waombolezaji waliochelewa
ambao hakuna aliyewaambia kwamba mazishi yalikwisha.
Nikauliza swali la mpagazi:
"Mzigo wote huo, nani aliuteremsha?"
Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Mito. Koitobosi, halafu Nzoia, halafu ziwa.
Sisi wa Alego tuliubeba kichwani kwa mitungi,
tukaupikia ugali."

Usiku huo baridi ilikuwa na meno ya mtoto,
madogo, mapya, yasiyochoka.
Alfajiri nikatoka kuwasha jiko:
sufuria niliyoiacha nje imefungwa mdomo.
Kigae chembamba kama kioo cha taa ya chemni,
ndani yake unyasi mmoja umekamatwa ukiinama.
Sikumwita Daktari. Sikumwita mtu.
Nilikishika, kikaniuma. Nikakishika tena.
Nikakivunja vipande, nikavitia ndani ya mkebe wa Kasuku,
nikaufunga kwa leso, nikauzika katikati ya blanketi.

Saa nne Kwemoi akasimama, akasema "hapo tu",
na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli:
kilele cha Koitobos, na ukungu.
Hatukuiona Uganda. Hatukuiona Endebess.
Daktari alilia kidogo, akasingizia upepo.
Mimi nilimenya kiazi kilichopoa, nikala nimesimama,
maana ukikaa na mzigo mgongoni
kuinuka ni kesi nyingine.

Kushuka hakuna hadithi. Kushuka ni magoti.

Langoni, mizani ileile: kumi na tisa.
Unga umeliwa, vitunguu vimeliwa,
mawe yameketi mahali pake.
Askari akasema nimerudi na faida.

Chesang alinipokea kabla sijavua gamubuti.
Tukafungua mkebe pamoja, juu ya kizingiti.
Maji, kiasi cha vijiko vitatu,
na ule unyasi, sasa umenyooka, unaelea.
Akaonja. Akakunja uso.
"Haina rangi. Haina sukari."
Akanywa yote hata hivyo,
akaugeuza mkebe, akaugonga kitako kwa ngumi,
akachungulia ndani:
"Ile nyingine iko wapi?"